Wati 3,000 za kwenye boksi zisitupumbaze

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitie neno kuhusu ile makala ya burudani iliyotoka Jumamosi, ya kuwashauri wasomaji wanunue nini wakitaka muziki wa nyumbani. Mwandishi wenu amezipanga sabufa kwa wati zilizoandikwa kwenye boksi: yenye wati nyingi imekaa juu, yenye wati chache imeshika mkia. Spika ndogo mbili za kuweka kwenye rafu hakuzipa hata aya moja, eti hizo ni za kompyuta. Mimi ni fundi redio hapa Ngamiani, Tanga, tangu zama za kaseti. Orodha ile ungeweza kuisoma kutoka chini kwenda juu na usipungukiwe kitu.

Tuanze na hizo wati, maana ndipo watu wanapopigwa. Mwezi huu kijana wa jirani kaniletea sabufa iliyokata sauti. Mbele ina taa za rangi zinazocheza na maandishi ya fedha: 3,000W PMPO. Nikaigeuza. Nyuma, karibu na pale waya wa umeme unapoingilia, kuna kikaratasi ambacho wanunuzi hawakisomi: volti 220 hadi 240, hezi 50, wati 45. Yaani chombo chenyewe kinakula wati 45 kutoka ukutani, halafu kitoe 3,000. Kama hayo yangewezekana, taifa lisingehangaika kujenga bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji kwa ajili ya megawati 2,115. Tungepanga masabufa mstari mmoja, tukaunga nyaya, kazi ikaisha.

Kijana akaniuliza, "Lakini fundi, si wameandika wenyewe?" Wameandika, mwanangu. PMPO ni hesabu isiyo na kipimo kinachojulikana. Kila kiwanda kinajumlisha kinavyotaka: wanachukua mshindo wa kufumba na kufumbua, wanauzidisha kwa idadi ya spika, wanaongeza na chumvi. Wati za kuulizia ni za RMS, zile ambazo amplifaya, yaani kile kikuza sauti kinachosukuma spika, inaweza kuzitoa mfululizo bila sauti kupasuka. Kwenye sabufa ile, transfoma ikishapata joto lake na amplifaya ikishakula chake, sidhani kama spika zote kwa pamoja zilikuwa zinaambulia wati 30.

Marekani waliukuta ugonjwa huu zamani. Mwaka 1974 Tume yao ya Biashara ya Shirikisho ilitoa kanuni kwamba anayetangaza nguvu ya amplifaya ya nyumbani sharti aseme imepimwa kwa mfululizo na kwa spika ya omu ngapi, omu zikiwa kipimo cha spika inavyoukinza umeme. Ningefurahi siku moja TBS, Shirika letu la Viwango, nao wadai RMS iandikwe mbele ya boksi kwa herufi kubwa kama zile za PMPO. Wenye maduka watanuna wiki moja, kisha watazoea.

Na hata wati za kweli hazina uzito tunaozipa. Ukiongeza wati mara mbili, tuseme kutoka 20 hadi 40, sauti inapanda desibeli 3 tu (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti), na mtu aliyekaa kwenye kochi anakunywa chai anaweza asigundue. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, na hizo ni wati mara kumi. Kinachobeba mambo ni wepesi wa spika kugeuza umeme kuwa sauti. Spika nyingi ndogo zilizotengenezwa vizuri huandikwa desibeli 85 hadi 88, maana yake ukiipa wati moja ukapima mita moja mbele yake, hiyo ndiyo sauti unayoipata. Desibeli 85 tayari ni kelele. Sebule zetu nyingi, ukishatoa makochi na kabati, kutoka spika hadi unapoketi hapafiki mita tatu. Kwa hiyo ukiwa unasikiliza taarabu jioni bila kugombana na jirani, spika yako inatumia wati moja, pengine hata haifiki. Zile 2,999 zilizobaki umelipia wino.

Kilichonikera zaidi kilikuwa ndani. Sabufa ile ina spika mbili za pembeni, za plastiki, na kila moja kwa mbele unaiona ina wufa, ile ya sauti nzito, na twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, inayong'aa juu yake. Nikafungua. Nyuma ya twita hakuna waya. Msidhani umekatika; haukuwahi kuwepo. Ni kikombe cha plastiki kilichopakwa rangi ya fedha na kugandishwa kwa gundi ili dukani kipendeze. Spika moja ya inchi tatu, sumaku yake nyembamba kama sarafu, ndiyo inayofanya kazi zote, na kazi ya besi imeachiwa boksi kubwa.

Sasa mtie mwimbaji humo. Mimi ni mtu wa nyimbo za bendi za zamani: Black Star na Lucky Star za hapa hapa Tanga, Atomic na Jamhuri Jazz, na wenzao wa Morogoro na Dar es Salaam. Katika muziki ule karibu kila kitu kiko katikati, sauti ya mwimbaji, gitaa la solo, lile la kujibu, tarumbeta. Besi ipo lakini inatembea, haigongi. Sabufa ya aina ile inakupa mgongano chini na mchakacho juu, na pale katikati, mahali mtu anapoimba, pana shimo. Unasikia bibi anaimba kama yuko chumba cha pili na mlango umefungwa.

Spika mbili ndogo za ubao, kila moja na wufa yake ya inchi nne au tano na twita ya kweli, zinafanya kinyume. Zinaanza na katikati. Jambo hili lina historia ndefu. Wahandisi wa BBC miaka ya 1970 walihitaji spika ya kuingia kwenye magari ya kurushia matangazo nje ya studio, mahali ambapo boksi kubwa halina pa kukaa. Wakatengeneza LS3/5A, boksi lililofungwa pande zote lenye kimo cha sentimita 30 hivi na upana wa 19, likiwa na wufa na twita kutoka KEF, kampuni ya spika ya Uingereza. Haikuwa na besi ya kutikisa dirisha wala haikupenda kupigwa kwa nguvu, lakini mtangazaji akisema humo, ni yeye. Kipimo chao kikubwa kilikuwa sauti ya mtu anayeongea, kwa sababu sikio la kila mmoja wetu linaijua sauti ya mtu kuliko linavyojua chombo chochote. Makampuni kadhaa yalipewa leseni ya kuitengeneza, na mpaka leo wapo wanaozitafuta zile za zamani kwa bei ya kutisha.

Najua utaniambia hiyo ni ya wenye pesa. Basi chukua mfano wa Andrew Jones, mhandisi Mwingereza aliyepitia KEF, kisha akatengeneza spika za TAD ambazo jozi moja ni makumi ya maelfu ya dola. Mtu huyo huyo aliwatengenezea Pioneer spika ndogo, SP-BS22-LR, wufa ya inchi nne, twita ya inchi moja, jozi ikauzwa Marekani kwa dola kama 130. Baadaye, mwaka 2015, akawafanyia ELAC zile za Debut. Wasikilizaji waliozoea vyombo vya gharama walizisifu, na siri yake haikuwa kubwa: krosova (sakiti inayogawa sauti nzito kwa wufa na nyembamba kwa twita) yenye vipuri vya kutosha, boksi lisilotetemeka, twita na wufa zilizopatana. Kuna spika za bei ya chini ambazo krosova yake ni kapasita moja tu iliyochomelewa kwenye twita, na wufa imeachwa ijitafutie. Zinaweza kucheza, lakini ukifungua unajua mtu alikuwa anabana matumizi.

Kwa asiyetaka mambo ya nyaya zipo zenye amplifaya ndani yake. Edifier R1280T ni mfano unaofahamika, wufa za inchi nne, unachomeka kwenye umeme, unaunga runinga au simu kwa waya, basi. Wao wameandika wati 42 za RMS. Kwa kipimo cha mwandishi wenu hiyo ingekuwa ya mwisho kabisa, chini ya kila redio inayouzwa njia panda.

Mimi mwenyewe napenda zaidi spika zisizo na amplifaya ndani, kwa sababu ya kazi yangu: kikiharibika kimoja, kingine kinabaki. Siku hizi kuna vibodi vidogo vya amplifaya vyenye chipu ya TPA3116, vinaingia kwenye kiganja, na vinakubali umeme wa volti 12 hadi 24. Chaja ya laptop ya zamani ya volti 19 inaviendesha vizuri sana. Ukiwa na betri ya sola ya volti 12 navyo vinacheza, kwa sauti ya chini kidogo, na umeme ukikatika wewe hujui. Hakikisha tu chaja ni nzima na haitoi mvumo.

Sasa dukani. Hapa ndipo pesa inapotea. Unaingia, kijana wa duka anakupokea kwa adabu, "Shikamoo mzee, sikia mziki huo!" kisha anafungulia wimbo wake wa kuonyeshea, wenye besi tupu, sauti imepandishwa mpaka vioo vya kabati la simu vinalia. Mwambie marahaba, zima kwanza, weka hii. Utoe flashi yako. Yangu ina mambo matatu: taarifa ya habari inayosomwa na mwanamume, wimbo wa zamani wa mono, na wimbo mmoja wa siku hizi ulionipendeza.

Taarifa ya habari ije kwanza. Msomaji akisikika kama anaongea kutoka ndani ya pipa, boksi ni jepesi au linapiga kelele lenyewe, rudisha. Akitamka maneno yenye sh na s na sikio likachomwa, twita ni kali, na ukali huo hutauzoea hata ukae nao mwaka. Sauti ipunguzwe mpaka iwe ya mtu anayezungumza na wewe kwa upole. Spika nzuri ukiipunguza bado ina kila kitu, nyingine zinabaki na mchakacho tu. Na ukilinganisha jozi mbili, usiruhusu moja ipigwe juu kuliko nyingine. Sikio lina udhaifu wa kupenda kilicho juu zaidi, na wauzaji wanaujua kuliko madaktari.

Wimbo wa mono una kazi yake maalumu. Rekodi nyingi za bendi zetu za zamani ni za mono, sauti ile ile inatoka spika zote mbili. Weka spika zipishane kama mita mbili, kaa katikati, kichwa chako na zenyewe mfanye pembetatu. Mwimbaji anatakiwa asimame katikati, mahali pasipo na spika yoyote, utadhani kuna ya tatu imefichwa. Akitawanyika, besi ikanywea, ukashindwa kuonyesha kwa kidole yuko wapi, basi spika moja nyaya zimegeuzwa, nyekundu imekaa kwa nyeusi. Hilo ni kosa la dakika moja kulirekebisha. Ukiwa na spika isiyo na alama, chukua betri ya redio ya volti 1.5, gusa nyaya mara moja na uachie: karatasi ya wufa ikisukumwa nje, waya ulioko kwenye chanya ya betri ndio wa nyekundu. Usishikilie betri, gusa tu. Na kama ukigeuza nyaya mwimbaji bado hakai katikati, zile spika mbili hazilingani, zimetoka mafungu mawili.

Halafu ligonge boksi kwa kifundo cha kidole, pembeni, siyo mbele. La MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, likiwa limekaza linajibu kwa sauti fupi iliyokufa, na la plastiki linajibu kama ndoo. Inyanyue pia. Wufa yenye sumaku ya maana haiwezi kuwa nyepesi kama boksi la viatu.

Kuhusu mitumba, ya Ulaya, Japani na Dubai, ambayo Dar es Salaam na Unguja imejaa: humo kuna mali, na kuna mitego miwili. Wa kwanza ni ile pete laini inayozunguka karatasi ya wufa. Ikiwa ni ya sponji, kwa joto hili letu na unyevu wa pwani inaoza, ukiibonyeza kwa kidole inabaki unga. Ya mpira inadumu. Sponji inaweza kubadilishwa, mimi nafanya kazi hiyo, lakini bei yake uikate kabla hujalipa. Wa pili ni umeme. Japani wanatumia volti 100. Amplifaya au spika yenye amplifaya iliyotoka kule na kuandikwa 100V, ukiichomeka kwenye 230 zetu utasikia mlio mmoja na harufu. Spika tupu, isiyo na amplifaya, haina shida hiyo kabisa. Hiyo unaiangalia omu tu: 8 na 6 ni salama kwa amplifaya nyingi, 4 uulize kwanza kama amplifaya yako inaziweza.

Ukishafika nyumbani, nusu ya sauti ni chumba. Nyumba zetu ni saruji, vigae na madirisha ya alumini. Piga kofi moja katikati ya sebule: ukisikia mlio unakimbia ukutani, spika ya milioni nayo itasumbuka. Pazia zito, zulia, kochi la kitambaa vinatuliza. Watu wana tabia ya kuzipandisha spika juu ya kabati la vyombo, karibu na dari, zikitazama feni, na glasi zikianza kulia wanaisingizia spika. Zishushe. Twita iwe usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Matofali ya saruji ya inchi sita yaliyosimamishwa, juu yake kipande cha ubao na kitambaa cha kanga, ni stendi bora kuliko nyingi zinazouzwa. Spika yenye tundu nyuma iachie nafasi ya shubiri mbili kutoka ukutani. Ukiibana ukutani besi inaongezeka lakini inakuwa ya kuvimba, ingawa kwa wufa ya inchi nne kuisogeza kidogo wakati mwingine kunasaidia. Jaribu na usikilize, kipimo ni sikio lako.

Vijana wa singeli na amapiano najua wananisubiri hapa. Ni kweli, wufa ya inchi nne ikishuka hezi 60 hivi, yaani mitetemo 60 kwa sekunde, inaanza kuchoka, na besi yao inakwenda chini ya hapo. Waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi ni hezi 41. Spika ndogo haikupi hizo 41 kwa ukamilifu, inakupa 82, mara mbili yake, na zinazofuata, na ubongo unajaza pengo. Kwa muziki wa bendi inatosha kabisa. Kwa singeli haitoshi, wala sitamdanganya mtu. Anayetaka dirisha litikisike anunue sabufa ya kweli, iliyopimwa, aiunge chini ya spika hizi ndogo, na aongee na majirani kwanza. Ugomvi wangu ni na lile boksi lenye taa linalojiita sabufa ilhali twita zake ni vikombe.

Kwa hiyo, ndugu Mhariri, makala kama ile ikirudi naomba mwandishi aweke wati za RMS, omu na desibeli, aseme alisikiliza nini, kwenye chumba cha ukubwa gani, na amegeuza boksi akasoma kile kikaratasi cha nyuma. Akipita Tanga namkaribisha karakana, aje na flashi yake. Na bei muiandike ya jozi. Msomaji mmoja wenu alikuja hapa na spika moja, amelipa alichosoma gazetini, akidhani ya pili imesahaulika dukani.

Wako,
Fundi redio,
Ngamiani, Tanga